Kijana wa Mlango wa Tatu

Naapa kwa kaburi la mama yangu, kwa chumvi ninayokula na kwa haya macho mawili: humu ndani hakuna hata neno moja la uongo.

Anayenijua hapa Bunia ameshaanza kucheka. Acheke. Hata mwongo ana siku yake moja ya kusema kweli, na yangu ni leo.

Ni hivi. Wakati wa vita, mama mmoja wa mtaa wetu, Mudzipela, alimwona mtoto wake aliyepotea akicheza mchezo ndani ya televisheni.

Alisimama katikati ya watu akapiga kelele, "Huyu ni wangu!"

Na mimi ndiye niliyemwambia mtoto anasema nini.

Tuanze na bega.

Bega langu la kuume lilitenguliwa na nyati. Nyati mmoja tu, watu wasizidishe. Njia ya Irumu, alfajiri, mimi na mnyama uso kwa uso. Yeye ana pembe, mimi nina spana. Mengine mtajaza wenyewe.

Nilikuwa shofa bila lori. Lori la bosi lilichomwa njiani, bosi akakimbia, mimi nikabaki na funguo mfukoni. Hata mbuzi wangu wa mwisho, wenye bunduki walimwiba. Nilimlilia mlango kwa mlango, jirani wote wakanipa pole.

Sasa, bega likiuma unajua mwenyewe. Unalala umekaa, kama mlinzi. Shati unaingia kwa kuinama, kama mbuzi anayepita chini ya ua. Mgongo ukiwasha, unatafuta ukuta.

Lakini katika Bunia ya miaka ile, bega lilikuwa jambo la kufa.

Mji ulibadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati. Leo hawa, kesho wale. Na kila mkubwa mpya aliweka barieri yake: kamba, mawe, na vijana wenye bunduki na macho mekundu.

Salamu yao ilikuwa moja. "Mikono juu!"

Mimi ninainua mmoja.

"Na ule mwingine? Unaficha nini?"

"Mukubwa, unauma."

"Inua, muzee!"

Siku moja kijana aliweka mdomo wa bunduki palepale kwenye bega, akasukuma. Nililia kama mtoto. Wenzake wakacheka, na kicheko ndicho kilichoniokoa.

Nikajiambia: Jérôme, siku utakayokutana na asiyependa kucheka, huu mkono utakuzika.

Hospitali? Waliobaki kule walikuwa wanashona matumbo ya watu. Nani angeangalia bega la shofa?

Nikaenda kwa jirani yangu, Mama Léontine.

Léontine alikuwa mkandaji wa mifupa. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake huko Kasenyi, kando ya ziwa, alikokulia akivuka na mama yake kuuza samaki wakavu ng'ambo, Uganda. Watu walisema mikono yake ikikugusa, mfupa unaitika wenyewe.

Mimi mfupa haukuitika.

Mikono ya Léontine ilikuwa imekufa. Ilikufa siku ile watu walipokimbia, mtoto wake Rodrigue akashika njia ya ziwa, asirudi. Mwanaume kijana, mtoto pekee. Alinikanda kama mtu anayeosha sufuria ya jirani.

"Mama Léo, shuka kidogo, pale chini."

"Nasikia, muzee."

Hasikii kitu.

Na mtaani hakuna aliyemtaja Rodrigue. Ungeanzaje? Kila nyumba ilikuwa na jina ambalo watu waliogopa kulisema. Ukifungua moja, utafungua yote.

Basi, ikaja habari ya televisheni.

Fulgence, mkaanga mandazi, alikuwa na tele, jenereta ndogo, na antena aliyoifunga kwenye mianzi mirefu juu ya paa. Upepo ukikubali, antena ilikamata tele ya ng'ambo ya ziwa. Kiingilio kilikuwa ukuni mmoja wa kukaangia mandazi. Usicheke. Kutafuta kuni porini wakati ule ni kwenda kumtafuta anayekutafuta.

Jumapili moja saa kumi, kabla ya saa ya kujifungia ndani, mchezo mpya ukaanza.

Jamaa mwenye koti linalong'aa kama samaki anauliza swali. Ukijibu vizuri, unachagua mlango kati ya mitatu. Nyuma ya mlango kuna baiskeli, au godoro jipya ndani ya nailoni, au mtu mwenye ndoo anayekumwagia maji.

Godoro lile! Sisi ambao magodoro yetu yalikuwa yamebebwa na wenye bunduki, tulilitazama kimya kama tuko kanisani.

Shida ni kwamba kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza.

"Nani anasikia hii luga?" Fulgence akauliza.

Mimi nikakohoa.

"Papa Jérôme, weye?"

"Nimepeleka lori mpaka Arua, kule Uganda, miaka yote ile. Unafikiri nilikuwa naongea na wale watu kwa vidole?"

Nilikuwa naongea nao kwa vidole. Kiingereza changu chote nilikisoma kwenye magunia ya unga wa msaada.

Lakini watu walikuwa wananitazama. Na mimi watu wakinitazama, siwezi.

"Anauliza," nikasema, "mama mukwe akiingia bila hodi, unaficha nini kwanza?"

"Sufuria!" akapiga kelele mama mmoja nyuma.

"Bibi wa pili!" akasema mwingine.

Kwenye tele kijana akajibu kitu, watu wa kule wakapiga makofi. "Amesema sufuria," nikatangaza. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

Nilitafsiri mpaka mwisho. Jamaa wa koti nilimfanya awasifu wanawake wa Djugu kwa mboga yao ya sombe. Nilimfanya akiri kwamba baba yake alizaliwa Bunia. Watu walirudi nyumbani wakishikana mabega. Risasi ililia upande wa uwanja wa ndege, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelala chini.

Jumapili iliyofuata nilimlazimisha Léontine aje. Nilifikiri: akicheka kidogo, labda mikono itaamka. Nilikuwa nafikiria bega langu, sitaficha.

Alikaa karibu na mlango, kitenge mpaka kidevuni.

Akaingia mshindani mpya. Kijana mrefu, mwembamba, anayesimama mguu mmoja umepanda juu ya mwingine, kama korongo. Ndivyo Rodrigue alivyokuwa anasimama. Paji la uso, lile lile.

Léontine akasimama.

"Huyu ni wangu! Rodrigue! Ni Rodrigue wangu!"

Jamaa wa koti akampa kijana kipaza sauti. Kijana akaongea kidogo, akitabasamu.

Nikamtazama Léontine. Uso wake ulishuka kama turubai lililong'olewa nguzo. Nikasema moyoni: furaha imemshinda.

Watu wote wakanigeukia. "Papa Jérôme, anasema nini? Sema!"

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngesema nini?

"Anasema," nikaanza, "anasema anaitwa Rodrigue. Mutoto wa Mudzipela. Anasema: mama, niko muzima. Usilie. Kula."

Hilo neno "kula" sijui lilitoka wapi. Labda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa imebaki vijiti.

Léontine alinitazama. Alinitazama muda mrefu sana. Kisha akakaa taratibu, akaficha uso ndani ya kitenge, na mwili wote ukatetemeka.

Wanawake wakapiga vigelegele. Fulgence akagawa mandazi bure, na Fulgence hajawahi kugawa kitu bure hata harufu.

Jioni ile ile Léontine akaja kwangu na mafuta ya mawese na jiwe la moto lililofungwa kwenye kitambaa.

Jamani, ile mikono!

Dole gumba lilishuka kwenye mfupa kama mtu anayejua njia ya nyumbani. Likatafuta, likapata, likabonyeza. Kitu ndani ya bega kikalia "kwa!" nami nikamwita mama yangu marehemu. Siku hiyo nililala chali.

Ndivyo tulivyoanza.

Kijana alikuwa anashinda, kwa hiyo kila Jumapili alirudi. Na kila Jumapili alichagua mlango ule ule, wa tatu. Mtaa mzima ulimjua. "Rodrigue! Mulango wa tatu!" Watoto waliimba jina lake wakichota maji. Jina ambalo miezi yote hiyo lilikuwa limefungiwa.

Mimi nilitafsiri.

Anasema amepata kazi. Anasema anakumbuka mboga yako. Anasema kule kuna mvua.

Nikitoa habari kidogo, mikono ya Léontine inakuja vizuri. Nikitoa habari nyingi, inakuja kama malaika. Mwenzangu, bega lilinifundisha uongo kama fimbo inavyomfundisha mtoto kusoma.

Mara moja Léontine alicheka kabla sijatafsiri. Nikasema: moyo wa mama unasikia mbele ya masikio.

Mkono wangu ukafika kwenye sikio. Ukapita sikio.

Kisha ikaja Jumapili mbaya. Kijana alikosea. Mlango wa tatu ukafunguka, yule mtu wa ndoo akamlowesha kichwa mpaka miguu. Mchezo umekwisha. Akapewa kipaza sauti mara ya mwisho, akaongea na kupunga mkono.

Nikafikiri: hii ni ya kuaga, nimpe mama iliyo nzuri kuliko zote.

"Anasema: mama, nimejenga nyumba kadogo huku. Iko na kitanda yako. Ninakungojea."

Léontine akageuza kichwa polepole. "Ananingojea?"

"Ndiyo."

"Umesikia muzuri, muzee?"

"Kama ninavyokusikia weye."

"Basi," akasema.

Alikuja kunikanda. Alikanda kuliko siku zote, shingo, bega, mkono mpaka vidole. Alipomaliza akafunga chupa yake ya mafuta.

"Bega imerudi. Sitakuja tena."

"Kwa nini, Mama Léo?"

"Kesho asubui naenda ziwani. Mutoto ananingojea."

Nilihisi maji baridi yanashuka mgongoni, na hapakuwa na mtu wa ndoo.

Njia ya ziwa! Watu waliokwenda kuchimba mihogo upande ule walirudishwa juu ya baiskeli, wamefunikwa mkeka. Na hao ndio waliopatikana. Mwanamke peke yake asingefika hata nusu ya njia.

"Ngoja Jumapili," nikasema.

"Jumapili gani? Ametoka kwenye mchezo."

"Nimekumbuka! Alisema pia usije sasa. Njia ni mbaya."

"Hukusema vile."

"Nilisahau."

"Weye? Weye usahau maneno?" Akachukua jiwe lake. "Lala salama, Papa Jérôme."

Maisha yangu yote sijawahi kukosa uongo. Mke, polisi, padri, wote nilipata la kuwaambia. Jioni ile nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta chumvi kwenye gunia tupu.

Nikinyamaza, atakufa njiani. Nikisema, namwua Rodrigue mara ya pili, mbele ya mama yake, kwa mdomo wangu.

Nami niliogopa. Ndiyo. Niliogopa kuipoteza ile mikono. Mtaani waliniita mwongo kwa kicheko. Sasa wangeniita bila kicheko.

Asubuhi mlango wake ulikuwa na kufuli.

"Ametoka na furushi kichwani," jirani akaniambia.

Nikakimbia. Umri ule, na kandambili za kamba.

Kwenye barieri ya kutokea mjini kijana mmoja akaruka mbele. "Mikono juu!"

Nikainua.

Nikainua yote miwili. Juu kabisa, kama mtu anayeimba kanisani.

Kijana hakunitazama hata mara mbili. "Pita."

Sikupita. Nilisimama pale mikono iko hewani, machozi yananitoka. Kwa sababu huo mkono uliokuwa umeniokoa, ni Léontine aliyeuinua. Na mimi nilikuwa nimemlipa kwa kumtuma kwenye kifo.

"Muzee, nimesema pita! Weye ni kichaa?"

Nilimkuta mbele ya miti ya mikalitusi, ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, furushi mapajani. Alikuwa ameelekeza uso upande wa mji.

Sikusalimia. "Mama Léontine, usiende. Yule haiko Rodrigue. Sijui yule ni nani. Mimi sijui Kiingereza, sikujua hata neno moja. Nilikudanganya. Hakuna nyumba, hakuna kitanda, hakuna mutu anakungojea."

Nikangoja anipige.

"Anaitwa Byaruhanga," akasema.

"Nani?"

"Ule kijana. Anatoka Hoima. Alisema anatafuta godoro ya bibi yake, maana mugongo inamuuma."

Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Weye... unajua Kiingereza?"

"Nimeuza samaki ng'ambo tangu nikiwa mutoto. Unafikiri nilikuwa naongea na wale watu kwa vidole?"

Mtu asikupige na fimbo yako mwenyewe. Inauma zaidi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilisimama, nikasema ni wangu. Kiisha akafungua kinywa, nikasikia iko mutoto wa mwengine. Nikataka kukaa. Ndio weye ukasema Rodrigue."

"Kwa nini hukuninyamazisha?"

Akashusha macho kwenye furushi.

"Tangu apotee, hakuna mutu alisema jina yake. Hata padri. Watu walikuwa wananipita kama ni mimi nilikufa. Weye ukasema jina yake mbele ya watu wote. Watoto wakaliimba. Nikunyamazishe ya nini?"

Akafungua furushi. Ndani kulikuwa na shati moja la bluu, limekakamaa kwa udongo na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

"Mutu wa Kasenyi aliniletea hii, mbele hata mchezo haujaanza. Angalia hii kifungo. Nilishona mimi, na uzi mwekundu, bluu haikuwako."

"Kumbe ulikuwa nayo muda wote huu! Hukusema."

"Niseme kwa nani? Nani alikuwa na nafasi ya kukaa matanga? Watu wanazika mbio mbio, wanarudi kujificha."

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ulikuwa unaenda wapi?"

"Pale walipookota shati."

"Wangekuua."

"Ndiyo." Alisema kama mtu anayekujibu saa ngapi. "Nilisema nitakaa hapa kwanza. Ule mwongo akinifuata, nitarudi. Kama hakuna mutu atakuja, naenda."

Nikasogea karibu na jiwe lake. Tulikaa tu, upepo unapita kwenye mikalitusi.

Kisha akafunga furushi, akanyoosha mgongo.

"Sasa utalipa."

"Mama Léo, nitalipa na nini? Hata mbuzi yangu waliiba."

"Mbuzi yako iko chini ya kitanda yako. Umeifunga kitambaa kwenye mudomo. Kila siku nikikukanda inanilamba kisigino."

Nikaangalia mbinguni.

"Na bega, ulianguka kwenye paa ya Fulgence ukigeuza antena. Ameniambia. Nyati hapandi paa, muzee."

Hukumu yake ilikuwa hii. Matanga ya Rodrigue yatakaa nyumbani kwangu. Mbuzi wangu atachinjwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyejifanya kinywa cha marehemu, mimi ndiye nitakayesimama kuongea habari zake.

Tulirudi. Furushi nililibeba mimi, juu ya bega la kuume.

Watu walikuja. Fulgence aligeuza tele ikatazama ukuta, akaleta kuni zote ambazo tulimlipa kwa mchezo, tukazikoka uani. Shati la bluu likawekwa juu ya mkeka, mahali ambapo mwili ungewekwa.

Mwanzoni walimlilia Rodrigue. Kisha mama yule wa sufuria akasema, "Na Osée wangu." Mwingine akasema, "Na Claire." Jina likaita jina. Nyumba zote za mtaa zikafungua midomo siku ile. Tulilia mpaka tukawa wepesi.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama.

"Rodrigue alikuwa anasimama mguu mumoja juu ya mwingine."

"Ndiyo," akasema Léontine kutoka kwenye mkeka.

"Alipenda mandazi."

"Ndiyo."

Ulimi ukaanza kuwasha. "Na siku moja aliogelea ziwa lote, mpaka ng'ambo, mamba wakimfuata..."

"Hapana."

"...aliogelea karibu na ukingo."

"Ndiyo. Endelea."

Watu wakacheka huku wanalia. Sijawahi kuongea habari ngumu namna ile. Kweli haina mahali pa kushikia.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili. Uongo unaweza kumbeba mtu aliyechoka kwa kipande cha njia, kama bega linavyobeba mzigo. Lakini mshushe mapema, mshushe mwenyewe, kabla hajafika pasipo na kurudi. Na aliyewapotea, lisemeni jina lake. Msimwachie mwongo kazi hiyo.

Mimi na Léontine sasa tumezeeka. Mvua ikikaribia, bado ananikanda. Tulipatana toka siku ile: kila uongo nitakaoutia katika hii habari, ninamlipa kuku.

Kwa hiyo nimemsomea yote haya kabla ya kuyatuma kwenu. Alisikiliza macho yamefungwa mpaka mwisho.

"Ni muzuri," akasema. "Ila pale mwanzo."

"Mwanzo gani?"

"Ile nyati."

"Nyati gani, mama?"

"Jérôme."

Akiniita hivyo, bila papa, bila muzee, basi hakuna njia.

Kuku nimeshamfunga miguu. Ni yule mweusi, anayetaga.